Somo la 12: Kuufundisha Mguu Tena Baada ya Kiharusi

Maneno ya leo: kiharusi, ubongo, mshipa, mguu dhaifu, mguu mzima.

Fungueni madaftari. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni: KI-HA-RU-SI.

Kiharusi ni nini? Ni ugonjwa wa ubongo. Mshipa wa damu kichwani huziba au hupasuka, na sehemu ya ubongo hukosa damu. Ubongo wa upande wa kulia ndio unaoamuru mkono na mguu wa kushoto, na ule wa kushoto huamuru wa kulia. Ndiyo sababu mtu hupooza upande mmoja. Wako wasemao kwamba amepigwa na shetani. Sivyo. Na mguu wenyewe haukufa. Mifupa ni mizima, nyama ni nzima. Kilichokatika ni amri itokayo kichwani.

Je, amri hiyo yaweza kurudi? Kwa wengi hurudi, ingawa si kwa wote sawasawa. Sehemu za ubongo zilizosalia zaweza kujifunza kazi ya zile zilizoharibika. Hujifunza kwa kurudia. Nanyi hamkuandika herufi "a" mara moja mkaijua. Mliiandika kurasa nzima. Mguu nao hufundishwa vivyo hivyo.

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea, tena kwa huruma. Baba amepooza, watoto humbeba na kumwambia, "Mzee, wewe pumzika tu." Miezi hupita, mguu hukakamaa. Huruma ya namna hiyo humnyang'anya mtu mguu wake.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kitandani. Asiyeweza kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa 2 asipate vidonda. Daktari akiruhusu, akae ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikanyage chini. Siku za mwanzo mazoezi yawe mafupi, lakini ya mara nyingi.

Pili, kusimama. Tumieni kiti imara. Avute nyayo nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele, kisha ainuke. Asiutupe uzito wote juu ya mguu mzima. Mguu dhaifu nao ubebe sehemu yake. Aketi polepole, apumzike, arudie.

Tatu, kutembea. Wewe msaidizi, simama upande ulio dhaifu. Usimvute kwa mkono uliopooza, maana utaumiza bega. Fimbo aishike kwa mkono mzima. Vidole vya mguu vikiburura chini, yapo mabamba ya kushikilia kifundo cha mguu. Ngazini, wakati wa kupanda mguu mzima hutangulia. Wakati wa kushuka mguu dhaifu hutangulia.

Msianze kwa kubahatisha. Hospitalini ulizeni mtaalamu wa tiba ya viungo. Hapa Tanzania wataalamu hao hufundishwa KCMC, Moshi. Yeye atampima mgonjwa, kisha atawaonyesha ninyi wa nyumbani mazoezi yanayomfaa.

Mgonjwa akiumwa kifua, akiona kizunguzungu au akikosa pumzi, aache mara moja na apate msaada. Uso ukipinda ghafula, mkono ukilegea au maneno yakimshinda, mpelekeni hospitali saa ile ile. Msingoje kupambazuke. Na dawa za shinikizo la damu alizopewa asiziache kwa sababu amepata nafuu. Kiharusi huweza kurudi.

Kwa kawaida maendeleo makubwa huonekana katika miezi 3 ya kwanza. Baada ya hapo mwendo hupungua, lakini mlango haufungwi. Hata baada ya mwaka mmoja, anayefanya mazoezi aweza kuongeza hatua.

Sasa jibuni madaftarini:

1. Mguu wa kushoto ukipooza, ni upande gani wa ubongo ulioumia?
2. Fimbo hushikwa kwa mkono upi?
3. Kwa nini si vema kumfanyia mgonjwa kila kitu?

Someni majibu yenu kwa sauti, mmoja mmoja. Na mwenye mgonjwa nyumbani, akamsomee somo hili leo jioni. Kwaherini.