Kukumbuka Mauti na Hesabu ya Kila Usiku

Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) ametuamrisha tukithirishe kuyakumbuka mauti, yenye kuzikata ladha zote. Hadithi hiyo ameipokea Tirmidhi kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Wengi wetu tunaifahamu nusu. Tunadhani makusudio yake ni huzuni tu: mtu alie makaburini, kisha arudi nyumbani na mambo yake yaendelee vile vile. Wengine hata kuyataja hawataki. Mzee akishauriwa aandike wasia, watoto husema analetewa uchuro. Lakini mauti hayaji kwa kutajwa, wala hayachelewi kwa kunyamaziwa.

Sisi watu wa pwani ya Kilwa na Lindi tuna ukumbusho mlangoni. Anayevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani hukuta magofu ya Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14. Watalii huenda kupiga picha. Muislamu anayo zaidi ya hayo ya kuyatazama.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na katika safari zake amemtaja sultani huyo kwa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani mwingi wa kutoa. Anasimulia kuwa Ijumaa moja sultani alikuwa akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha njiani, akaziomba nguo alizozivaa. Sultani akakubali. Fakiri akazitaka saa ile ile. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akazivua akavaa nyingine, na fakiri akaambiwa azichukue. Alipofariki, akatawala ndugu yake Daud, naye alikuwa kinyume chake. Maskini akija kuomba, humjibu kwamba mtoaji amekwishakufa na hakubakisha cha kutolewa.

Jibu hilo ni la ukavu, lakini ndani yake mna fiqhi. Sadaka ya al-Hasan ilitoka siku ile ile ilipoombwa. Lau angeahidi na kuiachia familia, fakiri angekutana na Daud. Kila mmoja wetu ana Daud wake miongoni mwa warithi, na si lazima awe mbaya. Pengine hajui tu.

Ndiyo maana sheria imeufunga ukumbusho wa mauti na jambo la kila siku. Katika Suratuz-Zumar, aya ya 42, Allah (S.W.) ameeleza kuwa huzichukua roho wakati wa kufa na wakati wa kulala, akazizuia za waliohukumiwa kufa na kuzirejesha nyingine. Dua za kulala na kuamka tunazowafundisha watoto madrasa zimejengwa juu ya maana hiyo. Basi anayelala amekabidhi roho yake, na mwenye kukabidhi hutazama kwanza anadaiwa nini. Abdallah bin Umar (r.a.) alipomsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa Muislamu mwenye jambo la kuusia haifai alale bila wasia wake kuandikwa, haukumpitia usiku hata mmoja ila wasia wake alikuwa nao. Hiyo ni katika Sahihi Muslim.

Kwa kawaida wasia ni sunna. Lakini mwenye deni au amana isiyojulikana na wengine, kwake ni wajibu. Hapa ndipo penye tatizo letu. Watu huchukua unga na mafuta dukani hadi msimu wa korosho. Wavuvi wawili hushirikiana ngalawa na nyavu bila ya karatasi. Shamba la mikorosho huwekwa rehani kwa maneno tu, na aliyelipokea akifa, watoto wake hulihesabu kuwa urithi. (Hilo la mkopeshaji kuvuna korosho za rehani mwaka baada ya mwaka lina shubuha kubwa ya riba, nalo lataka makala yake.) Kwenye jeneza hutangazwa kuwa mwenye kumdai marehemu awaone wenye msiba. Ni jambo jema, lakini mdai aliye safarini hasikii, na yatima ambaye fedha yake ilikuwa amana hajui hata kama anadai.

Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari tatu asiyeacha cha kulilipa, akawaambia Masahaba wamsalie wao. Hakumsalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolichukua deni lile. Na katika mali ya maiti, deni hutangulia wasia, ingawa aya ya 11 ya Suratun-Nisaa imeutaja wasia kwanza. Wasia wenyewe, kama wa sadaka, usizidi thuluthi.

Jambo moja husahauliwa na wanaoandika. Katika madhehebu yetu ya Shafi, karatasi peke yake haitoshi. Hutakiwa mashahidi wawili waadilifu wanaoyajua yaliyomo. Kwa hiyo mwandishi amwite imamu wa mtaa na mtu mwingine mwaminifu, awasomee madeni na amana moja moja kwa majina ya wenyewe, wala asiwaoneshe bahasha iliyokwisha gundishwa.