Tembe za vitamini na saratani: Jua haya kabla ya kununua chupa nyingine

Yeyote anayesafiri kwa matatu katika kaunti yetu amekutana naye. Gari likishajaa, mtu mmoja husimama mlangoni na begi lake, huwaamkia abiria kwa heshima, kisha hutoa chupa. Ndani mna tembe, na kwa maneno yake tembe hizo husafisha damu, hushusha sukari, huondoa uchovu na huzuia saratani. Siku hizi amejifunza neno jipya: antioksidanti. Neno hilo hilo limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa za bei ghali katika maduka ya dawa, na haliishi kusambazwa katika makundi ya WhatsApp ya familia.

Je, ni kweli kwamba tembe hizi huzuia saratani? Jibu fupi ni hapana. Na kwa mtu anayevuta sigara, baadhi yake zinaweza kumwongezea hatari ile ile anayoikimbia. Jibu hili halikupatikana kwa kukisia. Lilipatikana kwa kuwapa makumi ya maelfu ya watu tembe hizo na kuwafuatilia kwa miaka.

Antioksidanti ni nini?

Kata parachichi, uliache wazi mezani. Baada ya muda litageuka rangi na kuwa jeusi. Likipakwa ndimu, hukaa vizuri kwa muda mrefu zaidi. Kinacholichakaza ni oksijeni ya hewani, na vitamini C iliyo ndani ya ndimu ni miongoni mwa vitu vinavyoizuia.

Ndani ya mwili pia kuna uchakavu wa namna hiyo. Seli zinapotumia oksijeni kupata nguvu kutoka kwa chakula, hutoa masalio makali yanayoitwa radikali huru. Moshi wa sigara na miale ya jua huyaongeza. Yakizidi, huweza kuharibu DNA, yaani maelekezo yanayoiambia seli lini igawanyike na lini ikome. Maelekezo yakivurugika, seli inaweza kuanza kuongezeka ovyo, na huo ndio mwanzo wa saratani. Antioksidanti huyatuliza masalio hayo. Zinazojulikana zaidi ni vitamini C, vitamini E, madini ya seleniamu, na betakarotini, ambayo ndiyo huyatia maembe na maboga rangi yake. Mwili wenyewe pia hutengeneza antioksidanti zake.

Miaka ya 1970 na 1980 wanasayansi waliona kwamba watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi walipata saratani ya mapafu mara chache kuliko wengine. Damu yao ilikuwa na betakarotini nyingi. Basi ikaonekana kazi ni rahisi: itieni betakarotini ndani ya tembe, muwape watu. Hata leo ukilisikia wazo hilo linaingia akilini moja kwa moja, ndiyo maana muuzaji wa kwenye matatu hahitaji maneno mengi.

Kilichotokea Finland na Marekani

Mwaka wa 1985 watafiti nchini Finland walianza kuwasajili wanaume 29,133 wenye umri wa miaka 50 hadi 69, wote wavutaji sigara. Waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa miligramu 20 za betakarotini kila siku, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, na waliosalia wakapewa tembe zisizo na kitu. Si wao wala madaktari wao waliojua nani anameza nini. Walifuatiliwa kwa miaka mitano hadi minane.

Matokeo yalipotoka mwaka wa 1994, waliotumia betakarotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakuitumia. Vitamini E haikuwakinga na ugonjwa huo.

Wengi hawakuamini. Lakini nchini Marekani utafiti mwingine ulikuwa tayari unaendelea. Huu ulihusisha watu 18,314: wavutaji sigara, walioacha sigara, na wanaume waliofanya kazi na asbestosi, ile iliyotumika kuezekea nyumba nyingi za zamani. Walipewa betakarotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 watafiti waliwaambia waache kumeza tembe hizo, miezi 21 kabla ya muda uliopangwa. Saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 miongoni mwa waliozitumia, na vifo kwa asilimia 17.

Vitamini E nayo ilipata zamu yake. Wanaume zaidi ya 35,000 wa Marekani, Canada na Puerto Rico walishiriki utafiti wa kuona kama vitamini hiyo na seleniamu zingezuia saratani ya tezi dume. Tembe zilisimamishwa mwaka wa 2008 kwa kuwa hazikuonyesha faida. Mwaka wa 2011, baada ya ufuatiliaji zaidi, ilibainika kwamba waliomeza vitamini E peke yake walikuwa wamepata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Hawa hawakuchaguliwa kwa sababu ya sigara. Walikuwa wanaume wa kawaida waliojiunga wakiwa na afya njema.

Haki itendeke: kuna mahali ambapo tembe zilisaidia. Katika wilaya ya Linxian, China, ambako watu walikuwa na upungufu mkubwa wa vitamini katika chakula chao, karibu wakazi 30,000 walishiriki utafiti ulioanza mwaka wa 1986. Baada ya miaka mitano, vifo vilipungua kwa asilimia 9 miongoni mwa waliopewa betakarotini, vitamini E na seleniamu kwa pamoja, na waliokufa kwa saratani ya tumbo pia walipungua. Tofauti ni kwamba watu wa Linxian walijaziwa kilichopungua. Wale wa Finland waliongezewa juu ya kilichotosha.

Mbona embe lisiwe na madhara?

Kwanza, kipimo. Ili upate miligramu 20 za betakarotini kwa maembe pekee, ungehitaji kula zaidi ya maembe kumi kwa siku, kila siku, msimu uwe umeisha au la. Pili, embe halina betakarotini tu. Lina vitamini nyingine, lina nyuzinyuzi, na mara nyingi anayelila huwa hajashika sigara mkono wa pili. Huenda wale watu wa miaka ya 1970 walilindwa na mtindo mzima wa maisha yao, nayo betakarotini iliyopimwa kwenye damu ilikuwa alama tu ya ulaji mzuri.

Sababu ya tatu ndiyo ya kutisha. Seli ya saratani nayo huumizwa na radikali huru. Ukiutia mwili antioksidanti nyingi kupita kiasi, unaweza kuwa unaikinga seli mbaya pamoja na nzuri. Mwaka wa 2014 watafiti nchini Sweden waliwapa vitamini E panya waliokuwa na chanzo cha saratani ya mapafu, na uvimbe wao ukakua haraka zaidi.

Kwa hiyo, mkazi yeyote anayetibiwa saratani kwa miale au kwa dawa za kemotherapi amwambie daktari kila tembe, unga au dawa ya miti anayotumia. Baadhi ya matibabu hayo huua saratani kwa kutumia radikali huru hizo hizo. Wengi huficha wakihofia kukaripiwa. Semeni tu, tafadhali.

Msiache tembe za kliniki

Hapa naomba nieleweke vizuri. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, kila baada ya miezi sita, hayahusiki na makala haya. Wala tembe za madini ya chuma na asidi ya foliki za mama mjamzito. Hizo hujaza upungufu unaojulikana, kwa kipimo kinachojulikana. Mama asirudi nyumbani akazitupa eti kasoma kwenye jarida la kaunti.

Fedha na muda viende wapi?

Kuacha tumbaku kunaishinda chupa yoyote, hata kwa aliyevuta kwa miaka mingi. Kisha kuna chanjo. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ilizinduliwa Mombasa Oktoba 2019 na hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma kwa wasichana wa kuanzia miaka 10. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo huweza kusababisha saratani ya ini, imo ndani ya sindano anazodungwa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mahindi yakikaushwa vizuri kabla ya kuhifadhiwa hayaoti kuvu wa aflatoksini, sumu nyingine inayoletea ini saratani. Wanawake kuanzia miaka 25 waende wakapimwe mlango wa kizazi, hata kama hawahisi lolote.

Na chakula? Mchicha, matembele, mchunga, boga, papai na viazi vitamu vya rangi ya chungwa viko kwa mama mboga, na fungu halifiki hata bei ya tembe chache za chupa.

Mimi mwenyewe nina chupa moja nyumbani, ya vitamini C, niliyoinunua wakati wa Korona. Kama nawe unayo na huna hakika nayo, ichukue na lebo yake uende nayo kituo cha afya kilicho karibu utakapokwenda kliniki, mhudumu aisome. Anayevuta sigara asingoje siku ya kliniki: akiona imeandikwa betakarotini au vitamini E, aache kuimeza leo.