Sabuni ya kujitengenezea: zawadi ndogo ya safari fupi kati ya Masisi na Walikale

Mu Masisi na Walikale, mgeni hafiki mikono mitupu. Zamani aliyetoka Masisi alibeba maharagi, viazi ao fromaji. Aliyetoka Walikale alipandisha bidoni ya mawese. Siku hizi nyumba nyingi zimepokea ndugu waliokimbia vita, ng'ombe zimepunguka na makuta yamekuwa shida. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hata mwenye kidogo anaweza kubeba: kipande cha sabuni alichokitengeneza yeye mwenyewe.

Ni kazi ya mikono ambayo mtu anaweza kuanza bila mashine. Ila ina hatari yake, na inataka kufuata vipimo.

Kwa nini sabuni

Kipindupindu kinarudi mara kwa mara mu Kivu Kaskazini, na zoni ya afya ya Kirotshe, mu Masisi, inakijua vizuri. Mu mwezi wa 8 mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza ugonjwa wa mpox kuwa jambo la dharura, juu ya ulivyokuwa unaenea kutoka Kongo. Katika magonjwa yote mawili, kunawa mikono kwa maji na sabuni ni kati ya kinga za kwanza.

Vipimo vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yanafuata, vinasema mtu mmoja anahitaji kwa mwezi gramu 250 za sabuni ya kuoga na gramu 200 za sabuni ya kufua. Nyumba ya watu 6 ikipokea wengine 6, inahitaji zaidi ya kilo 5 kila mwezi. Sabuni ikikosekana, mama analazimishwa kuchagua: afue nguo za mtoto ao anawe mikono mbele ya kupika. Hapo ndipo ugonjwa unapata njia.

Mawese ya chini, baridi ya juu

Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini: kilometa mraba 23,475. Sehemu yake kubwa ni pori la joto, nchi ya chini ambako mingazi inakomaa vizuri. Masisi ni nchi ya milima na malisho. Baridi yake ni nzuri kwa viazi na maziwa, lakini mingazi haiipendi. Ndiyo maana mawese yanapanda na maharagi yanashuka, kwa njia ya Nyabiondo na Kashebere, juu ya pikipiki ao juu ya mgongo.

Mtu wa Masisi anayeanza kazi hii atakuta mawese yamegandamana ndani ya bidoni. Hayajaharibika, ni baridi tu. Anayapasha moto kidogo mpaka yayeyuke yote, bila kuyachemsha.

Namna ya kuanza

Kwa mara ya kwanza, kilo 1 ya mawese inatosha. Vipimo ni hivi:

Mawese: kilo 1
Soda kali, ile sokoni wanaita sude kostike: gramu 130
Maji safi ya baridi: gramu 330

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kupima kwa chupa. Litre 1 ya mawese haifiki kilo 1. Ni karibu gramu 910. Soda nayo haipimwi kwa kijiko. Ikizidi, sabuni itachoma ngozi. Ikipunguka sana, sabuni itabaki laini na yenye mafuta. Asiye na mzani aazime kwa mchuuzi wa sokoni, lakini soda ikae ndani ya sashe wakati wa kuipima, isiguse mzani wa chakula.

Kosa la pili ni sufuria. Sufuria nyingi za nyumbani ni za aliminiumu, na soda inazila huku ikitoa gesi inayoweza kushika moto. Kazi hii inataka ndoo ya plastiki ngumu na mti wa kukorogea, na vyombo hivyo visirudi tena jikoni.

Soda ndiyo inatiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya soda hata siku moja, juu yanaweza kuruka usoni. Mchanganyiko huo unapata moto wenyewe na kutoa moshi mkali. Kwa hiyo kazi inafanyika inje, watoto wakiwa mbali, mtu akiwa amevaa glavu na miwani. Ukipoa mpaka ndoo inashikika bila kuchoma, unamwagwa polepole ndani ya mawese ya vuguvugu. Kisha ni kukoroga bila kuchoka mpaka kuwe kuzito kama uji.

Uji huo unamwagwa ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa sashe. Kisha siku moja ao mbili unakatwa vipande 6. Vipande vinapangwa mahali penye hewa, mbali na mvua na mafiga, kwa wiki 4. Hapo wengi wanakosa uvumilivu, lakini sabuni mbichi inaumiza mikono na inaisha mbio. Kipande kinachotoa matone makali ao chenye chembe nyeupe za soda ndani yake hakifai kwa mwili.

Soda ikiruka machoni, ni kuosha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 ao zaidi, kisha kukimbia kwenye kituo cha afya. Mtoto akiinywa, asitapishwe. Apelekwe palepale kwa muganga.

Safari ya siku moja

Wakati njia iko salama, watu wanapenda kutembea siku ya Mungu ao siku ya soko: kusalimia shangazi, kuona mtoto aliyezaliwa, kuhani msiba, ao kufika tu kwenye maziwa ya Mokoto mu Bashali na kurudi. Tangu vita vilipofika Masisi-centre na Walikale-centre mwaka 2025, matembezi kama haya yanaanza na kuuliza. Anayetaka kwenda anawauliza waliopita njia ile asubuhi hiyohiyo, wenye pikipiki na wamama wa soko, na anapanga kurudi jua likiwa bado juu.

Sabuni inafaa kwa safari ya namna hiyo. Ni nyepesi, haiozi, haimwagiki, na ikifungwa ndani ya jani kavu la mgomba haivutii macho ya watu njiani.

Kutoa bila kujimaliza

Kilo 1 ya mawese inatoa sabuni kavu ya karibu kilo 1 na robo, yaani ya kuoga kwa watu 5 kwa mwezi mmoja. Mtu peke yake atachoka haraka. Kikundi kinaweza kuendelea: kati ya vipande 6, vipande 4 vinauzwa ili kurudisha makuta ya mawese na soda, na 2 vinatolewa. Mu vikundi vya MUSO kuna hata kese ya kazi hiyo. Kese ya kijani ni ya mikopo, ya bluu ni ya makuta yanayotoka inje, na nyekundu ni ya kusaidiana wakati wa shida.

Namna ya kutoa nayo ina maana. Mwenye nyumba aliyepokea wahamiaji anastahili kipande sawa na wageni wake, juu na yeye anagawa maji, kuni na choo. Akisahauliwa, chuki inaingia. Wakiwa wengi, ni vizuri kumwona kwanza kiongozi wa wahamiaji ao mkubwa wa kijiji, ili sabuni isiishie kwa wenye jamaa tu. Na anayepokea hapaswi kupigwa picha ili alipe zawadi kwa sura yake.

Mu nyumba nyingi, aliye mgeni leo alikuwa mwenye kupokea jana. Mama aliyefika na kitenge kimoja kutoka Nyabiondo pengine anajua kukoroga sabuni kuliko wenyeji wake. Kumpa kipande ni kuzuri. Kumkaribisha kwenye ndoo, akoroge na wengine na apate sehemu yake, kunaweza kumsaidia kwa muda mrefu zaidi.