Agosti Dalmatia: Boti Nyingi, Pa Kulala Pachache

Anayekodi boti ya matanga kwenye pwani ya Dalmatia katikati ya Agosti hulipa bei ya juu kabisa ya mwaka, na bado hajalipia mahali pa kulala. Kila alasiri msako huanza upya. Marina zimejaa, maboya yamewekewa nafasi kwa simu tangu asubuhi, gati la mji limebanana ubavu kwa ubavu, na ghuba zenye alama ya nanga kwenye ramani hazina tena maji ya kutosha chombo kuzunguka na mnyororo wake. Kroatia hujitangaza kwa upepo na visiwa. Pesa ya msimu, kwa jinsi ninavyoiona, iko kwingine: kwenye mita chache za maji tulivu, kuanzia saa tisa alasiri hadi asubuhi ya pili yake.

Kwa kutazama ramani tu, uhaba huu hauingii akilini. Kroatia ina visiwa, vijisiwa na miamba zaidi ya 1,200, na vinavyokaliwa na watu mwaka mzima ni kama 50 tu. Ghuba ni tele. Lakini boti hazitawanyiki kwenye ghuba hizo kwa usawa, na sababu ya kwanza ni Jumamosi.

Karibu biashara nzima ya kukodisha boti huko hufuata wiki ya Jumamosi hadi Jumamosi. Mteja hukabidhiwa chombo saa kumi na moja jioni, hukirudisha Ijumaa jioni, na Jumamosi saa tatu asubuhi lazima awe ameshuka na mizigo yake. Wafanyakazi wana saa zisizozidi nane za kufua mashuka, kusugua sitaha, kukagua injini na kupiga mbizi kuangalia mkuku. Kampuni hupenda mpango huo kwa sababu kikosi kizima cha kazi hukusanywa siku moja. Wateja nao, wengi wao Wajerumani, Waaustria, Waslovenia, Wacheki na Wapoland wanaokuja kwa magari yao, huupenda kwa sababu unakwenda sawa na likizo zao. Matokeo yake ni kwamba Split, Trogir, Kaštela, Sukošan na Biograd hutoa mamia ya boti jioni moja, na jua la Agosti huzama saa mbili usiku. Aliyetoka Split au Trogir jioni hiyo hana muda wa kufika mbali. Atakwenda Šolta, kwenye Maslinica au ghuba ya Šešula, au atakwenda Milna kwenye kisiwa cha Brač. Wenzake wote wamewaza hivyohivyo. Jumapili msururu uleule huhamia Hvar na Vis, na Alhamisi huanza kurudi.

Upepo nao hukamilisha msongamano. Maestral, upepo wa kiangazi wa kaskazini-magharibi, huanza kuvuma kabla ya adhuhuri, hushika nguvu alasiri na hufa jua likizama. Ni upepo mwema na kila nahodha huungoja. Ndiyo maana wote husafiri saa zilezile na kufika saa zilezile. Utabiri ukisema jugo inakuja kutoka kusini-mashariki, au bura kutoka milima ya kaskazini-mashariki, nusu ya ghuba hazifai tena usiku huo, na mahitaji yote huangukia zile chache zilizojificha upande unaotakiwa. Siku hizo simu za marina haziachi kulia.

Kisha kuna kina. Ghuba nyingi za Dalmatia zina mita 10 hadi 20 za maji karibu kabisa na mwamba. Nahodha makini hutoa mnyororo mara nne au tano ya kina, na boti ya kukodi kwa kawaida hubeba mita 50 au 60. Kwenye mita 12 za maji mnyororo wote umeshatoka, na chombo kinazunguka duara pana kiasi cha kunyima nafasi boti nyingine tatu. Wenyeji wana dawa yake: nanga hutiwa mbele, na kamba mbili za tezi hufungwa ufukweni kwenye miti au mawe. Mtalii wa mara ya kwanza huiogopa kazi hiyo, maana mtu lazima aogelee na kamba. Basi huacha chombo kizunguke, na ghuba ya boti 15 hubeba 6.

Msomaji wa Mombasa au Unguja atauliza boti zinawezaje kufungwa tezi gatini usiku kucha. Kwetu bamvua hupandisha na kushusha maji kwa takriban mita 4. Chombo kilichofungwa hivyo jioni, alfajiri kingening'inia kwa kamba zake au kingepwelewa. Adriatiki ya kati na ya kusini maji hucheza kwa sentimita 30 hivi tu. Ukuta wa mawe wa mji wowote wa kale ni gati tosha saa zote 24, na biashara yote ninayoieleza hapa imejengwa juu ya utulivu huo wa maji.

Mwuzaji mkubwa wa nafasi ni ACI, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1983 enzi za Yugoslavia, ambayo leo ina mnyororo wa marina 22 kutoka Umag hadi Dubrovnik. Hisa zake zinauzwa kwenye soko la Zagreb, na serikali ndiyo mwenye fungu kubwa. Katika kilele cha msimu, usiku mmoja wa boti ya mita 13 kwenye marina za visiwani hupita euro 100, na sehemu zinazotafutwa sana, kama Palmižana mkabala na mji wa Hvar, hupita hapo kwa mbali. Hata hivyo marina nyingi haziishi kwa wapita njia. Nguzo ya mapato ni mikataba ya mwaka: wenye boti zao, na kampuni za kukodisha zinazolipia safu nzima za gati. Hapo kuna jambo ambalo takwimu za jumla hulificha. Jumatano usiku, marina kubwa za bara zinazotumiwa na kampuni hizo huwa na nafasi nyingi tupu kwa kuwa boti zenyewe ziko visiwani. Usiku huohuo Hvar hakuna pa kutia mguu. Ijumaa mambo hugeuka. Kujenga gati zaidi Split hakutampunguzia mtu yeyote shida ya Jumatano.

Katamarani zimeongeza uzito. Lagoon 42, mojawapo ya zinazokodishwa sana, ina urefu wa mita 12.8 na upana wa mita 7.7. Boti ya kawaida ya matanga kama Bavaria Cruiser 46 ni ndefu zaidi, lakini upana wake ni mita 4.35. Familia hupenda katamarani kwa sababu hailali upande na ina vyumba vikubwa, na kampuni hupenda bei yake ya wiki. Gati halikuongezeka hata mita moja. Marina hutoza katamarani zaidi, na ni haki. Lakini kwenye gati la mji, kila katamarani inayoingia humrudisha mtu baharini.

Magati hayo ya miji husimamiwa na mamlaka za bandari za kaunti. Bei yake kwa kawaida iko chini ya marina, na mara nyingi aliyewahi ndiye anayepata. Kisiwa cha Vis kinafaa kutazamwa hapa. Kilikuwa kambi ya kijeshi na kilifungwa kwa wageni hadi 1989, hivyo kilikosa wimbi la hoteli kubwa. Leo gati la mji wa Vis na lile la Komiža hujaa kabla ya saa kumi, na mikahawa, maduka ya mkate na wauza mvinyo hupata wateja wao kutoka majini. Watu wa boti 40 wanaoshuka na njaa ni soko kubwa kwa mji mdogo.

Hata hivyo biashara iliyonivutia zaidi ni ya konoba, mikahawa ya familia kwenye ghuba za Mljet, Lastovo na Šolta. Mwenye konoba hujenga gati lake dogo na kuweka kamba za kufungia, na hutoza sifuri. Sharti ni moja: mle kwake. Boti huja kinyumenyume. Kijana wa konoba amesimama gatini, mkononi ana kamba nyembamba iliyoungwa na kamba nene inayolala chini ya maji hadi kwenye zege lililozamishwa mbele. Mtu wa botini huinasa kwa fimbo ya ndoana, huikimbiza hadi omo na kuivuta mpaka ikaze, huku kamba mbili za tezi zikirushwa kwa kijana. Maestral ikipiga ubavuni, chombo huanza kumwegemea jirani, na watu wa boti zote hukimbilia mipira ya kuzuia mgongano. Ikishatulia, menyu huletwa hapohapo.

Tazama hesabu yake. Chakula kinachosifiwa huko ni peka, nyama ya mwanakondoo au pweza aliyefunikwa kwa kifuniko cha chuma na kupaliliwa makaa. Hupikwa kwa saa kadhaa, kwa hiyo lazima kiagizwe mapema. Anayepiga simu asubuhi kuagiza peka ya watu 8 ameshaweka nafasi ya boti bila kutamka neno gati. Adhuhuri mwenye konoba anajua boti ngapi zinakuja, kilo ngapi za nyama zinahitajika na nani atamkatalia. Sijaona mfumo bora wa kuweka nafasi, na umejengwa na familia za wavuvi na wakulima, bila mkopo wa teknolojia.

Tabaka la mwisho, na lenye ugomvi, ni maboya. Ghuba ambazo zamani mtu alitia nanga bure sasa zina safu za maboya yaliyowekwa na wenye kibali. Jua linapoanza kushuka, boti ya mpira huja ikipita chombo hadi chombo. Mkusanyaji hupima urefu kwa macho, huandika risiti na pengine kuchukua mfuko wa taka. Kwa boti ya mita 12 au 13, euro 40 hadi 60 si ajabu. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kornati kuna tiketi ya hifadhi pia, ambayo ni nafuu kwa anayeinunua mapema.

Kuna hoja nzito ya kuunga mkono maboya. Chini ya maji hayo huota posidonia, nyasi bahari inayokua polepole mno. Nanga iking'oka nayo, jeraha hubaki kwa miaka mingi. Visiwa vya Baleari vya Hispania vilipiga marufuku kutia nanga juu yake kwa amri ya mwaka 2018, na Ufaransa iliwabana wenye vyombo vya zaidi ya mita 24 kwenye pwani yake ya Mediterania mwaka 2019. Nakubaliana na hatua hizo kabisa. Ambaye amewahi kuona nanga ikipandishwa na kichaka cha majani mabichi hahitaji kushawishiwa.

Lakini nyasi haziko kila mahali, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotoa vibali. Palipo na mchanga mtupu, boya halihifadhi chochote. Hufunga tu nafasi iliyokuwa ya wote. Sheria ya Kroatia inasema ufuko na bahari ni mali ya umma isiyoweza kumilikiwa na mtu binafsi, na anayetumia kibiashara hupewa kibali cha muda tu. Sheria hiyo ilipoandikwa upya mwaka 2023, raia waliingia mitaani kutetea fukwe zao. Wenye boti ni kundi dogo, na wengi ni wageni, kwa hiyo ghuba hazikupata watetezi kama hao. Ningetaka kila kibali kitaje hadharani idadi ya maboya, ramani ya nyasi zilizo chini, uzito wa zege na tarehe ambayo mzamiaji alilikagua mara ya mwisho. Nahodha analipa bei ya usalama; kwa sasa, katika ghuba nyingi, njia pekee ya kuuthibitisha ni kuvaa miwani na kuzama mwenyewe.

Programu za simu kama Navily na mySea zimebadilisha tena mizani. Boya linalipiwa kabla mtu hajaondoka Munich. Nahodha anayejua pwani, aliyeamka alfajiri na kufika saa sita, hukuta maboya kumi matupu yenye wenyewe ambao bado wanaogelea ghuba ya jirani. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kwa mwenye kibali ni faida safi: pesa huingia hata mteja asipofika. Kwa usalama naona ni hasara, kwa sababu aliyelipa tayari huelekea boya lake hata anga ikionyesha nevera, ile dhoruba ya ghafla ya kiangazi, wakati ghuba nyingine ingemfaa zaidi. Sehemu ya nafasi katika kila ghuba, hata theluthi moja, ingepaswa kubaki ya anayewahi.

Kampuni chache za kukodisha sasa hukabidhi boti siku nyingine, kama Ijumaa au Jumapili, na wateja wao hutembea nyuma ya msururu badala ya kuwa ndani yake. Wengine huondoka Split kwa njia isiyopendwa, kuzunguka kusini ya Brač kwanza, na hukuta magati yaliyoachwa asubuhi hiyo. Mabadiliko makubwa zaidi yangetoka kwenye kalenda za shule, ambazo Dalmatia haina kauli juu yake. Bavaria hufungua shule katikati ya Septemba. Wiki hiyo bei za kukodi zimeshaanza kushuka, bahari bado ina nyuzi 23, na gati la Komiža hupatikana hata kwa anayefika jioni.