Zege Likimwagwa, Masomo Yakiendelea

Oktoba 2021 Serikali ya Tanzania ilizindua matumizi ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi (matawi ya shule za msingi), kila moja kwa Sh milioni 20. Yalitakiwa kuwa tayari Januari 2022. Mengi yaliongezwa kwenye shule zilizokuwa zikiendelea na masomo, hata Novemba, mwezi ambao kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa.

Utaratibu uliotumika unajulikana kama fosi akaunti: shule hununua vifaa yenyewe na kuajiri fundi wa jirani, chini ya kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi. Gharama hupungua na wazazi huona saruji yao inakokwenda. Ni utaratibu mzuri, ila una pengo. Mkuu wa shule, aliyesomea ualimu, ndiye anayebaki kuangalia usalama wa eneo la ujenzi lenye mamia ya watoto.

Na watoto hawaogopi. Rundo la mchanga kwao ni uwanja wa kuchezea, na mtaro wa msingi uliojaa maji ya mvua ni kitu cha kuruka.

Dawa haina ufundi mkubwa. Uzio wa mabati utenge mafundi na wanafunzi. Malori ya kokoto yaingie kabla ya kengele ya asubuhi, au watoto wakishaondoka. Mashimo ya vyoo yafunikwe kila jioni. Kazi za kelele, kama kukata nondo na kupaua, zisogezwe Jumamosi au likizo ya Desemba.

Kwenye ghorofa hadhari ni kubwa zaidi. Zege bichi halijibebi. Hushikiliwa na mbao na mirunda, na kwa kawaida huhesabiwa siku 28 ndipo lifikie nguvu iliyokusudiwa. Muda wote huo uzito unashuka kwenye nguzo za chini. Tarehe 29 Septemba 2025, huko Sidoarjo, Indonesia, jengo la shule ya bweni ya Kiislamu ya Al Khoziny liliporomoka wanafunzi wakiwa kwenye sala ya alasiri katika ukumbi wa chini, wakati ghorofa za juu zikiendelea kujengwa. Zaidi ya 60 walikufa. Hata kama nguzo zilikuwa dhaifu, vifo hivyo vingeepukika iwapo ukumbi huo ungefungwa.

Kwa hiyo mzazi aliye kwenye kamati ya ujenzi asisubiri ajali. Mchanganuo wa gharama ukiletwa mezani, atafute mstari wa uzio. Usipokuwepo, asiidhinishe hata mfuko mmoja wa saruji.