Bustani Iko Wapi?

Siku moja niliandamana na kundi la wanafunzi wangu wa mwaka wa pili kutoka Voi kwenda Taveta. Tulikuwa na kazi ya kukusanya msamiati wa kilimo katika Kidawida na Kitaveta, lakini kama ilivyo ada ya safari za wanafunzi, hatukukosa kupanda kilima cha Girigan kulitazama jumba linalojulikana na wengi kwa jina la Kasri la Grogan. Tulisimama barazani. Mlima Kilimanjaro ulikuwa umejifunika mawingu upande mmoja, Ziwa Jipe likimeta kwa mbali upande wa pili, na chini yetu ilitandazwa nchi tambarare yenye mashamba ya mkonge. Msichana mmoja, ambaye katika masomo yake ya fasihi ya Kiingereza alikuwa amezoea kwamba kila jumba la bwana mkubwa lina bustani yake, akaniuliza: "Mwalimu, bustani iko wapi?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile, na nayaelekeza hasa kwa walimu wenzangu wanaowapeleka wanafunzi kuyatazama majumba ya kale, pamoja na wanafunzi wenyewe wanaorudi shuleni kuandika insha juu ya waliyoyaona.

Tuanze na maneno, kwani hiyo ndiyo kazi yangu. Neno letu "bustani" lilitufikia kupitia Kiarabu, lakini asili yake ni Kiajemi: "bu" ni harufu nzuri, na "stan" ni mahali. Bustani basi ni mahali pa manukato. Neno la Kiingereza ambalo leo tunalifasiri kwa "mbuga" au "hifadhi", yaani "park", lina historia nyingine kabisa. Waingereza walilipata kutoka Kifaransa cha kale, na maana yake ya awali ilikuwa ardhi iliyozungushiwa ua kwa idhini ya mfalme ili bwana mwenye nyumba afuge humo paa wa kuwinda. Kwa ufupi, neno la kwanza lilizaliwa na pua, na la pili likazaliwa na ua.

Katika karne ya 18 mabwana wa Uingereza waliugeuza uwanja huo wa kuwindia kuwa mandhari ya kutazamwa. Fundi wao mashuhuri alikuwa Lancelot Brown, aliyeishi kati ya mwaka 1716 na 1783. Yeye alizoea kuzing'oa bustani za zamani zilizopangwa kwa mistari, akazileta nyasi hadi karibu na madirisha ya nyumba, akaizuia mito midogo ili iwe maziwa, na akapanda miti kwa makundi kana kwamba imejiotea yenyewe. Mifugo ilizuiwa isiikaribie nyumba kwa handaki lililofichwa, ili mtu aliyeketi ndani asione ua wowote. Kila alichokiona dirishani kilionekana kuwa ni maumbile matupu.

Lakini maumbile hayo yalikuwa na gharama yake. Huko Milton Abbas, katika jimbo la Dorset, bwana mmoja aliyeitwa Joseph Damer aliona kwamba mji mdogo wa Middleton ulikaa karibu mno na nyumba yake. Akaubomoa pole pole, na wakazi wake wakajengewa kijiji kipya nyuma ya kilima, mahali ambapo asingewaona. Kijiji hicho, kilichojengwa takriban mwaka 1780, kingalipo hadi leo na watalii hukisifu kwa uzuri wake. Na fundi aliyeitengeneza mandhari ya bwana huyo alikuwa Brown yuyo huyo. Ni dhahiri basi kwamba desturi ya kuwaondoa watu ili pawe na mandhari haikuzuliwa Afrika. Maskini wa Uingereza waliionja kwanza.

Sasa turejee Taveta. Ewart Grogan alizaliwa Uingereza mwaka 1874. Alipata sifa kwa safari yake ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo, aliyoimaliza mwaka 1900, na inasimuliwa kwamba aliifanya ili aonekane anastahili kumwoa Gertrude Watt. Alipohamia nchi hii alijenga nyumba jijini Nairobi akaiita Chiromo, jina la mji ulio kando ya mto Shire nchini Malawi. Leo hapo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na vijana wetu husomea sayansi katika uwanja uliokuwa wake. Mnamo Machi 1907, Grogan aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, kwa madai kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Hayo yamo katika kumbukumbu, na mwanafunzi anayeisifu safari ya kwenda Cairo hana budi kuyajua pia.

Jumba la Girigan alilijenga katika miaka ya 1930, katikati ya milki yake ya mkonge. Mmea huo nao ni mgeni. Asili yake ni Mexico, na uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye kati ya miche 1,000 aliyoagiza, ni 62 tu iliyonusurika. Kutoka hapo ukaenea pande zote za mpaka, ukafika Taveta, Mwatate na Voi. Reli iliyojengwa kutoka Voi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza ili kuwapeleka wanajeshi kupigana na Wajerumani, ambao walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914, baadaye ikawa ya kubeba nyuzi.

Ukilitazama kwa makini, jumba la Girigan limefuata kanuni ya jumba la shambani la Kiingereza. Limekaa juu, nalo linaona kote. Tofauti ni kwamba mahali pa nyasi na paa pamekuwa na mkonge, na mkonge hauna manukato. Waliouvuna walikuwa vibarua wenye vidole vilivyochomwa na miiba yake. Hao hawakuwa katika mandhari, bali walikuwa katika daftari la mishahara.

Je, nchi hii ilikuwa tupu kabla ya hapo? Joseph Thomson alipopita Taveta mwaka 1883 akielekea nchi ya Wamaasai, alipiga kambi katika msitu uliokuwa na watu ndani yake. Mto Lumi, unaotoka Kilimanjaro na kuingia Ziwa Jipe, uliunywesha msitu huo. Chini ya miti mirefu Wataveta walipanda migomba yao na kuyaongoza maji kwa mifereji. Njia za kuingilia zilikuwa nyembamba na zilifungwa kwa magogo, ili wavamizi wasipite. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilipumzika hapo, ikanunua chakula, ikatunga upya shanga zake kabla ya kuendelea na safari. Msomaji ataona kwamba hapa palikuwa na ardhi iliyozungukwa na ua, yenye miti, maji na kivuli. Kwa maana ya asili, hiyo ni "park" na bustani kwa pamoja, ila ua wake uliwalinda waliomo ndani.

Vivyo hivyo katika milima ya Taita. Wadawida walikuwa na mifereji yao ya kuyagawa maji kwa zamu, na walikuwa na fighi, yaani vichaka vitakatifu vya ulinzi, ambamo kukata mti lilikuwa kosa. Misitu iliyosalia leo huko Ngangao, Chawia na Mbololo ni midogo, lakini ndani yake mna ndege wasiopatikana popote pengine duniani. Katika msitu wa Mbololo huota aina ya ua dogo la zambarau lenye majani yenye vinyweleo, ambalo halioti kokote kwingine. Ndugu yake wa Usambara alipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kizazi chake sasa kimo katika vyungu vya madirishani kote Ulaya. Bibi wa London anayelimwagilia ua hilo kila asubuhi huenda hajui kwamba bustani yake ilianzia katika milima yetu.

Mwezi Aprili mwaka 1948 kilikuja kizungushio kikubwa zaidi kuliko cha Grogan. Serikali ya kikoloni iliitangaza Tsavo kuwa hifadhi ya taifa. Waata, ambao tangu zamani waliishi kwa upinde na mshale, wakaitwa majangili katika nyika ya babu zao. Leo hifadhi za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya Kaunti ya Taita Taveta. Angalia pia jinsi neno lilivyogeuka: "mbuga" katika Kiswahili cha zamani ni uwanda mpana wa nyasi, ambao mtu yeyote angeweza kuupita na mifugo yake. Tulipoambatisha "ya wanyama" tuliubadilisha uwanda kuwa milki. Sarufi ilibaki ile ile, bali haki ya kupita iliondoka.

Sisemi kwamba Tsavo ifutwe. Hasha! Bila hifadhi hiyo huenda ndovu wangekuwa hadithi tu kwetu, na mji wa Voi hupata riziki kwa wageni wanaokuja kuwatazama. Ninachosema ni kwamba mkulima anayekesha akipiga debe ili ndovu wasimalize mahindi yake anaishi katika historia ile ile ya kijiji cha Milton Abbas, isipokuwa yeye hakujengewa nyumba mpya nyuma ya kilima. Malalamiko ya ardhi katika milima hii si ya jana. Chama cha Milima ya Taita kilipigwa marufuku mwaka 1940, pamoja na kile cha Wakikuyu na kile cha Wakamba, kwa kuwa viongozi wake walithubutu kuuliza habari za ardhi. Na Taveta hadi leo maskwota na mashamba makubwa ni mada isiyokwisha katika mikutano ya hadhara.

Wala sisemi kwamba jumba la Girigan libomolewe. Jengo halina hatia. Limekarabatiwa katika miaka ya karibuni, na ni vyema liwepo, kwani mwanafunzi hujifunza kwa kuona. Tena binadamu ni mchanganyiko. Grogan huyo huyo ndiye aliyetoa ardhi ya hospitali ya watoto iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1947 kwa kumbukumbu ya mkewe, na hospitali hiyo ina neno bustani katika jina lake la Kiingereza. Watoto wengi wa Kenya wametibiwa humo. Ukweli huu hauufuti ule wa viboko, wala ule wa viboko hauufuti huu. Mwalimu mwema hufundisha yote mawili.

Kinachonisikitisha ni insha. Niliporudi Voi na kuzisahihisha zile za wanafunzi wangu, nyingi zilimtaja Grogan kwa jina, mwaka na sifa zake. Wataveta walitajwa kama "wenyeji", bila jina hata moja la mto, mfereji au mmea wao. Hali ya kuwa tulikuwa tumetoka kukusanya majina hayo hayo siku mbili nzima! Kosa halikuwa lao. Sisi walimu ndio tuliowazoesha kwamba historia ni kitu chenye ukuta na paa, na kwamba kisicho na ukuta ni maumbile tu.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo lisilohitaji fedha. Mwalimu anayewapandisha wanafunzi Girigan awateremshe baadaye hadi kando ya Lumi, kwenye migomba, na awape maswali matatu. Maji haya yanatoka wapi? Nani aliuchimba mfereji huu, na nani huusafisha? Na mahali hapa huitwaje kwa lugha ya wazee wa hapa? Majibu yaandikwe daftarini kwa heshima ile ile inayopewa mwaka wa kujengwa kwa jumba. Wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua kila mwaka, na jina likishapotea, hata mfereji wenyewe huwa vigumu kuudai.

Tulipokuwa tukishuka kilimani siku ile, dereva wetu, ambaye ni mzaliwa wa Taveta, alikuwa amelisikia swali la yule binti. Hakusema neno mpaka tulipofika sokoni, ambako mikungu ya ndizi ilikuwa imerundikwa kama kuni ikisubiri malori ya Mombasa na Nairobi. Hapo akalisimamisha basi, akamgeukia na kumwambia, "Binti yangu, uliuliza bustani iko wapi. Ile kule juu ilikuwa baraza ya kuitazamia. Bustani ni hii hapa."