Barua Njema Katika Kasha la Taka

Mtu aliyepata kuketi uani huko Nachingwea au Ruangwa wakati wa mavuno ya ufuta anaijua kazi ya ungo. Mpepetaji hurusha, upepo huchukua makapi, punje hubaki. Lakini punje ya ufuta ni nyepesi mno. Upepo ukizidi kidogo, baadhi huondoka pamoja na makapi. Naye mpepetaji akiogopa kupoteza hata punje moja, ufuta wake utabaki na uchafu. Hali ni hiyo hiyo kwa programu zinazochuja barua pepe.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mzaliwa wa Ruangwa, aliitwa kwenye usaili wa kazi kwa barua pepe. Barua ilifika siku tisa kabla ya usaili. Aliiona siku tatu baada ya usaili kupita, katikati ya matangazo ya bahati nasibu, ndani ya kasha la barua taka. Waliomwandikia walikuwa wakweli, naye si mzembe. Kosa lilikuwa wapi?

Barua taka si jambo jipya. Ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilitumwa nchini Marekani mwezi Mei 1978: tangazo la kuuza kompyuta, lililopelekwa kwa mkupuo mmoja kwa watu wapatao 400. Wala utaratibu wa kusafirisha barua pepe uliowekwa mwaka 1982 haukumtaka mtumaji athibitishe jina lake. Ilikuwa kama bahasha ya posta, ambayo yeyote aweza kuandika nyuma yake jina alipendalo.

Katika kutafuta dawa, wataalamu waligeukia hesabu ya Thomas Bayes, kasisi Mwingereza ambaye maandishi yake juu ya uwezekano yalichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kufa kwake. Tutoe mfano wa kubuni. Kati ya barua 1,000, tuseme 400 ni taka na 600 ni halali. Neno “malipo” limo katika taka 80 na katika halali 30. Barua mpya ikija na neno hilo, programu hukadiria hivi: zenye neno hili ni 110, na 80 kati yake ni taka; basi uwezekano wa kuwa taka ni karibu asilimia 73. Hufanya vivyo hivyo kwa maneno mengine, kisha huunganisha hesabu zote.

Sasa fikiria chama kikuu cha ushirika kinamwandikia katibu wa chama cha msingi juu ya malipo ya ufuta, tena kwa haraka, pamoja na namba ya akaunti. Maneno ni yale yale ya tapeli, kwani tapeli naye ameyaiga kwa watu wakweli. Maneno kama “ghala”, “mnada” na “Nachingwea” yangeweza kuiokoa barua hiyo, mradi programu imekwisha kuyaona mara nyingi katika barua halali. Programu iliyofunzwa kwa barua za nchi za mbali haiyajui, na neno lisilojulikana haliwezi kumtetea mtu.

Machujio ya leo hutazama pia sifa za kompyuta iliyotuma. Ofisi ndogo aghalabu hupanga nafasi katika seva moja pamoja na wateja wengine wengi, wote wakitumia namba moja ya anwani. Ni kama nyumba ya kupanga: mpangaji mmoja akipika gongo, polisi hupekua vyumba vyote.

Turudi kwenye zile barua 1,000. Tuseme chujio linanasa taka 380, na linakosea barua halali 1 tu katika kila 100. Kasha litakuwa na barua 386, na 6 kati yake ni njema. Nani atapekua 386 kutafuta 6? Tena sioni kwamba hizo 6 huwaangukia watu wote sawasawa. Kampuni kubwa inajulikana. Anayeumia ni mwandishi mdogo, anayeandika mara chache. Paul Graham, aliyeieneza njia hii mwaka 2002, alilihesabu kila neno la barua halali mara mbili kwa makusudi, akiona afadhali taka chache zipite kuliko kupoteza barua ya kweli.

Mwenye ofisi hana budi kumtaka fundi wake aweke mambo matatu: SPF, yaani orodha ya wazi ya kompyuta zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la ofisi, DKIM, muhuri wa kihesabu juu ya kila barua, na DMARC, maelekezo ya kufanya iwapo hayo mawili hayalingani na jina la mtumaji. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huyadai yote matatu kwa wanaotuma barua kwa wingi, na kwa wengine angalau moja kati ya mawili ya kwanza.

Mpokeaji naye afungue kasha la taka walau mara moja kwa juma. Akikuta barua njema, asiisome tu na kuiacha humo, bali abonyeze alama ya kwamba si taka, maana hiyo ndiyo huifunza programu. Asikawie: Gmail hufuta barua iliyokaa humo siku 30.